Pipa la Nyapara

Guka wangu, yaani baba wa baba yangu, alikuwa mtu wa ugoro. Hakuunusa tu, aliutengeneza, na watu walivuka mto kuja kuuchukua kwake. Alianika tumbaku juu ya moto, akaisaga kwa jiwe, akatia magadi na mafuta kidogo ya kondoo. Kazi ya kusaga ilikuwa yangu. Wajukuu wengine walipiga chafya sana wakafukuzwa. Mimi nilipiga chafya nao, lakini sikuwa na akili ya kukimbia, na siku moja chafya zikaisha. Pua ilikufa. Mpaka leo ukiniwekea maziwa ya jana na ya leo siwezi kukuambia yapi ni yapi mpaka nionje. Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyekuwa ananinusia.

Guka alikuwa pia na ng'ombe mweusi aliyependa ugoro kama yeye, anamlamba kiganja mpaka kinang'aa. Lakini nikianza habari ya yule ng'ombe hatutafika Ruiru leo.

Nilikuwa nasema habari ya pua. Nilipofika Thika kutafuta kazi nilikuwa na mabega mapana na shule kidogo sana. Nilisoma mpaka nikaweza kuandika jina langu na la baba, nikaona yanatosha. Vijana wenzangu walisimama kwenye milango ya viwanda, wengine wakaenda kukata makonge. Mimi nilikuta mzee mmoja ameketi kwenye mkokoteni wa ng'ombe, peke yake, watu wakipita mbali naye. Nikamwendea nikamwamkia, nikaegemea gurudumu tukaongea.

Akaniuliza, "Wewe kijana, husikii harufu?"

"Harufu gani, mzee?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Panda," akasema. "Nimekungoja miaka."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa topasi. Siku hizo nyumba nyingi za mjini zilikuwa na choo cha ndoo. Kijumba cha mabati kinasimama nyuma ya nyumba, kwa chini kina kilango kidogo, na topasi anafungua kilango, anavuta ndoo iliyojaa, anasukuma tupu. Unakuja wakati watu wanaamka, kwa hiyo mara nyingine unavuta ndoo na huko juu kuna mtu ameketi.

"Ngoja kwanza, bwana."

"Mimi si bwana, mimi ni topasi. Maliza upesi, ng'ombe wanasimama."

Watu hawakutupa mkono. Kwenye hoteli ya chai tulikuwa na vikombe vyetu, vimetundikwa kwenye msumari nje. Sikujali sana. Wakubwa wa kazi walipoona sikimbii kama wengine, na kwamba ndoo zangu narudisha zimesuguliwa, wakanitoa kwenye mkokoteni wakanipeleka kwenye maji safi. Huko nilijifunza mifereji na paipu, kukata washa za ngozi za kuzuia maji yasivuje na kuziloweka kwenye mafuta, kuchimbua mchanga wa kichujio na kuuosha. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali, lakini neno lake moja nimelishika: kinachotoka kwa mtu kikae chini, kinachoingia kwa mtu kitoke juu, na hivi viwili visikutane hata mara moja. Hiyo ndiyo kazi nzima, akasema. Vingine vyote ni spana.

Sasa, wakati mimi nalinda maji ya watu nisiowajua kule Thika, mama yangu na dada yangu walikuwa wanakaa kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja upande wa Ruiru. Dada alichuma kahawa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mtu hakukaa alipotaka. Laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, zilizungushiwa seng'enge, na njia ilikuwa ya kwenda kazini na kurudi. Kwenda mtoni juu, kwenye kichaka, kulikatazwa. Kuni zenyewe ulizifuata siku ya ruhusa. Mimi nilikwenda kuwaona Jumapili nikipewa kibali, na nisipopewa sikwenda.

Mfereji wa laini ulikuwa mmoja, juu kileleni mwa kilima, karibu na mlango wa nyapara. Huyu nyapara alikuwa mtu wa huku kwetu, wala hakuletwa kutoka mbali. Alikuwa mfupi, koti safi, na shingoni kamba moja imeshika vitu viwili: filimbi na ufunguo wa chuma wa kufungulia mfereji. Aliufungua jioni, watu wakitoka kazini, kwa muda aliotaka yeye. Na kando ya mlango wake alikuwa na pipa la mafuta, amelichoma ndani, amelisugua, amelipaka rangi nyeupe, limekaa juu ya mawe matatu kama sufuria. Sheria yake ilikuwa hii: kila mwanamke akichota, debe la kwanza anamimina kwenye pipa la nyapara. La pili ndilo lake, kama mfereji bado uko wazi.

Utauliza maji hayo yote alifanyia nini. Kondoo zake zilikunywa. Kabichi zake zilinyweshwa. Mke wake alioga asubuhi na jioni na alipenda kusema hivyo mbele ya watu.

Lazima nieleze kitu kwa vijana mliozaliwa na mfereji jikoni. Kwetu maji yalibebwa na mwanamke, mgongoni, kwa ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, tunauita mukwa. Mwanamume hakubeba maji. Angeweza kubeba gogo, mgonjwa, hata ndama, lakini akionekana na mukwa kwenye paji alikuwa amekwisha, watoto wangemwimbia. Na debe likijaa, mtu hawezi kulipandisha mgongoni peke yake. Anaketi chini, analipa mgongo, anavaa ukanda, halafu mwenzake anamtwika. Kumtwika mtu hakukatazwi na ugomvi wowote. Hata mwanamke unayesema ni mchawi, akikuambia nitwike, unamtwika, halafu mnaendelea kuchukiana.

Yaliyotokea nilisimuliwa na dada yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama kwenye foleni. Mama alichota debe lake la kwanza, akatwikwa, akaanza kwenda nalo nyumbani.

"Mama, pipa iko pale," nyapara akasema.

"Naliona."

"Basi mimina."

"Jirani yangu ana mtoto anaharisha. Haya ni yake. Wewe una miguu."

"Sheria ni ya kila mtu."

"Sheria ya nani? Ya bwana ama ya tumbo lako?"

Wanawake wakacheka kidogo, wakaacha. Mama alikuwa na ulimi, sitaficha. Angenyamaza hapo pengine angeishi. Lakini akageuka na lile debe mgongoni, akasema, "Mama yako alikufa akijua amezaa mwanamume. Afadhali alikufa mapema, hakukuona unakunywa migongo ya wanawake."

Nyapara akalipiga debe teke likiwa bado mgongoni mwa mama. Mama akaenda chini nalo. Kisha nyapara akafunga mfereji, akasema safu ile ya nyumba haitapata tone mpaka huyu mama alijaze pipa kwa mikono yake mwenyewe.

Ukifunga maji ya mtu mmoja, watu wanakukasirikia wewe. Ukifunga maji ya safu nzima, wanamkasirikia yeye. Nyapara hakusoma, lakini hilo alilijua. Wale wale waliocheka wakaja mlangoni kwa mama: mimina tu, yaishe. Mama hakumimina. Akachukua debe lake akashuka njia ya pekee iliyokuwa wazi, ile ya kiwanda cha kuosha kahawa, akachota mtoni chini ya kiwanda, mahali ambapo maji ya maganda yanaingia. Maji mekundu, machungu, na juu ya hayo laini yote haikuwa na choo cha maana, mvua ikinyesha kila kitu kinateremka huko. Aliyachemsha alipopata kuni. Asipopata aliyanywa hivyo hivyo.

Nilipoletewa habari na kupewa kibali, mama alikuwa amekuwa mwepesi kama kikapu. Tumbo lilikuwa limemmaliza. Aliniuliza kama Thika kuna maji. Nikamwambia yako mengi. Akasema vizuri. Siku iliyofuata tukamzika.

Nyapara alikuja kuzika, anatafuna muwa. Akanipa mkono, mkono wenyewe unanata.

"Pole kwa mama," akasema. "Alikuwa na mdomo, lakini alikuwa mzee wetu." Halafu akatema kapi la muwa pembeni, karibu na udongo mpya.

Nikamwambia asante. Nilisema asante vizuri kabisa, kama mtoto wa misheni. Siku hizo nyapara akiinua kidole, lori linakuja, na anayepandishwa hatujui atashuka wapi. Ningempiga jembe pale pale, watu wangesema nilikuwa shujaa kwa muda wa chakula kimoja, na dada yangu angebaki peke yake ndani ya seng'enge.

Mchungaji aliniambia nisamehe. Mimi ni mtu wa kusamehe, niulize. Nimemsamehe aliyeniibia baiskeli. Nimemsamehe shemeji yangu aliyesema nanuka, miaka mingi baada ya kuacha mkokoteni, na mimi mwenyewe siwezi kujinusa nijue kama ni kweli. Huyu wa muwa sikumsamehe. Nimezeeka, meno yameniacha, na bado sijamsamehe.

Nilingoja. Kisasi ni kama choo cha shimo, ukichimba kwa haraka kinakubomokea. Halafu dada akaniletea habari kwamba mtu aliyekuwa anatunza pampu ya shamba amekwenda kwao na hakurudi. Nikaomba kazi ile. Wenzangu wa Thika walinishangaa.

"Unaacha mji uende kulinda vyura?"

"Vyura hawatafuni miwa," nikawaambia. Hawakuelewa, na sikuwaeleza.

Pampu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Haikula mafuta wala kuni. Ilikaa ndani ya shimo la mawe kando ya kijito kinachotoka kwenye chemchemi, juu kabisa ya kiwanda. Maji yanateremka kwenye paipu nene kwa nguvu, kilango cha ndani kinajifunga kwa kishindo, na kile kishindo kinasukuma maji kidogo kupanda paipu nyembamba mpaka kwenye tangi kileleni. Kilango kinafunguka, kinajifunga tena, ko, ko, ko, mchana na usiku. Watu waliiita Kigong'ota, kama yule ndege anayegonga miti. Kazi yangu ilikuwa kutoa majani kwenye wavu, kubadilisha ngozi, na kuisikiliza. Ikibadilisha mwendo najua imekula mchanga.

Lakini kitu nilichokitazama sana ni maji yaliyomwagika. Pampu ya namna ile, debe moja likipanda, madebe mengi yanamwagika shimoni na kurudi kwenye kijito. Maji safi ya chemchemi, hayajagusa kitu. Nilikaa karibu nayo siku nyingi nikiyatazama yakienda.

Nyapara alijua mimi ni nani. Alipita mara moja akasimama juu ya shimo. "Mtoto wa mama mdomo," akasema. "Umekuja kutuletea maji?"

"Nimekuja kuyaleta, mzee."

"Usisahau yanafika kwangu kwanza."

"Nitasahau vipi."

Wakati wa mavuno makubwa bwana mwenye shamba aliteremka mwenyewe, uso umemwiva. Amri za Hali ya Hatari zilikuwa zimeanza kulegea, njia ya juu ilikuwa wazi tena, lakini watu walikuwa wamezoea ile ya chini. Kahawa ilikuwa inaiva kuliko mikono ya kuichuma, na kiwanda kilikuwa kinalia maji.

"Watu nagonjwa kila siku," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Tumbo, tumbo, tumbo. Sababu gani?"

"Wanakunywa maji ya chini ya kiwanda, bwana."

"Sababu gani? Iko mfereji."

"Hautoshi."

Hapo sikutaja pipa. Nataka mjue nilikuwa nalo ulimini nikalimeza. Ningelitaja, bwana angemgombeza nyapara kwa siku moja, pipa lingewekwa nyuma ya nyumba, na mambo yangekwisha. Mimi sikutaka agombezwe. Nikamwonyesha bwana maji yanayomwagika.

"Haya yote yanapotea. Nipe kipande cha paipu na mfereji mmoja, wanawake watachota hapa hapa, maji safi. Halafu maji ya tangi yote yaende kiwandani."

Akatazama shimo, akatazama kileleni. Niliona anapiga hesabu ya kahawa yake.

"Na mfereji ya juu?"

"Tunaziba."

"Ziba," akasema.

Niliweka ule mfereji wa chini, nikaujengea sakafu ya mawe na mtaro wa kutoa matope, kama nilivyofundishwa Thika. Kisha nikapanda kileleni, jua likiwa kali, watu wengi wakitazama, na spana yangu kubwa. Nyapara akatoka ndani na kikombe cha chai.

"Unafanya nini hapo?"

"Naziba."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya yule aliyekupa filimbi."

Akashika ule ufunguo shingoni. "Na hii?"

"Hiyo ni yako, mzee. Hakuna aliyesema uirudishe."

Nikakaza kizibo mpaka mkono ukauma. Sijawahi kukaza kitu vizuri hivyo maishani mwangu.

Kutoka kwa Kigong'ota mpaka laini kulikuwa na njia yake, na njia hiyo haikupita mlangoni kwa nyapara. Jioni ya kwanza alipiga filimbi. Hakuna aliyekuja. Akateremka mpaka njiani, akawaambia wanawake sheria ni ile ile.

Dada yangu akamjibu akiwa na debe mgongoni, hakusimama. "Basi lete pipa huku chini, tutakujazia. Kupanda nalo itakuwa juu yako."

Walicheka mpaka wengine wakamwaga maji. Alikwenda kushtaki kwa bwana, nasikia. Bwana alikuwa na kahawa ya kufikiria.

Pipa likaanza kupungua. Mke wa nyapara hakuwa amebeba maji tangu aolewe, na alisema wazi mbele ya majirani: "Mimi niliolewa kwenye pipa, sikuolewa kwenye mto." Alipooga maji ya mwisho akafunga nguo zake akaenda kwao upande wa Gatundu. Kabichi zikalala. Kondoo zikalia mpaka akazipeleka kwa nduguye. Akamwita kijana mmoja wa kuchuma, akamwambia akamchotee. Kijana akamwambia, "Mzee, mimi ni mwanamume," neno ambalo nyapara mwenyewe angelisema. Watoto wakawa wanatupa vijiwe kwenye pipa kusikia linavyolia.

Watu walinishukuru. Walisema nimeletwa na Mungu, na wagonjwa kweli walipungua, watoto wakanenepa mashavu. Wale wa safu ya mama yangu waliniletea viazi. Nilivila. Lakini wanaosema mpaka leo kwamba nilifanya wema hawanijui. Ule mfereji niliuweka kwa chuki, kila jiwe la sakafu ile nililipanga kwa chuki. Maji yalitoka safi vile vile.

Nyapara akaja siku moja mchana, alipodhani wanawake wako kwenye kahawa. Lakini kulikuwa na mapumziko na walikuwa wamejaa, dada yangu kati yao. Alikuwa ameshika debe kwa mbali kidogo na mwili wake, kama si lake. Wakamwacha asimame kwenye foleni. Hakuna aliyemtukana. Walipiga soga zao, wakachota, wakatwikana, lakini wakitwikana hawaondoki, wanasimama pale na mizigo yao mgongoni wakimngoja.

Zamu yake ilipofika akajaza debe. Akalijaribu begani, likamwagika kwenye koti. Akalijaza tena. Akalikumbatia kifuani, akapiga hatua kwenye mawe yaliyolowa, akalitua. Kilima kile ni kikali.

Dada, aliyekuwa bado hajatwikwa, akachukua ukanda uliokuwa mkononi mwake akamtupia. "Shika mukwa," akamwambia. "Keti chini kama sisi."

Nilidhani ataondoka. Lakini kiu ni kiu, na nyumba yake ilikuwa kavu. Akaketi kwenye mawe niliyoyapanga mimi, akalipa debe mgongo, akazungusha ukanda, akauweka kwenye paji la uso. Filimbi na ufunguo vikaning'inia katikati ya magoti. Akamwangalia mwanamke wa kwanza, yule akatazama kijito. Akamwangalia wa pili. Dada yangu hakutazama pembeni, alimtazama yeye mwenyewe usoni, mikono ameikunja.

Mimi nilikuwa shimoni na spana. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu siku ya muwa, ya mama, ya debe, ya kapi, kila neno mahali pake.

Akanigeukia. "Nitwike, ndugu yangu," akasema polepole.

Hicho ndicho nilichokuwa nataka, nilipoacha Thika na nilipomeza neno la pipa mbele ya bwana. Nilitaka aniombe. Na nilipomsikia ameomba nikajua pia nikibaki pale pumzi chache tu, mikono yangu itamtwika yenyewe, maana ndivyo tulivyolelewa, na mama mwenyewe angemtwika.

Nikaweka spana juu ya jiwe. Nikaosha mikono. Nikachukua koti langu kwenye mti.

"Unaenda wapi?" dada akaniuliza.

"Thika."

"Na pampu?"

Nilipita kando yake yule mtu, karibu kabisa, naye akiwa ameketi na ukanda kwenye paji, akiinua macho. Nikapanda kilima mikono mitupu, nikatokea barabarani, nikashika njia ya Thika kwa miguu. Shamba lile sijalikanyaga tena.